Samaki na kreveti mu kisanduku kimoja: nani anaweza kukaa na nani?

Mu miji yetu ya kazi, samaki tunamujua zaidi mu sahani. Tunajua tomson wa frigo, kapenta wa kukauka wa kupima na kopo, tilapia wa Lufira, kambale wa moshi. Lakini kuko samaki wengine ambao hakuna mama mwenye kuwatia mu chungu: samaki wa kutazama tu, wenye kukaa mu kisanduku cha vioo ku salon, na taa ndogo juu yao. Baba anarudi ku kazi ya usiku, anakaa mbele ya kioo, mawazo inatulia. Watoto wanaacha televizyo. Ni kitu kizuri, na sisi hatutamukataza mutu.

Shida inaanza siku ya kununua. Mutu anaingia ku duka, anaona samaki wa rangi kumi, anachagua huyu na yule sawa vile mama anachagua kitambaa ku soko: huyu mwekundu, huyu wa mikia mirefu, na hawa kreveti wawili watatu juu watoto wamelia. Kisha juma mbili, nusu ya samaki wamekufa, kreveti hawaonekani tena, na mayi inanuka. Watu wanasema ni bahati mbaya. Hapana. Mara mingi si bahati, ni kuchagua. Samaki wale walikuwa wazima wote, lakini hawakupashwa kukaa nyumba moja.

Leo tunaeleza namna ya kuchagua. Na tunapashwa kuanza fasi wauzaji wengi hawaanzie: si ku samaki, ni ku mayi. Tena sisi watu wa inchi ya shaba tuko na sababu moja zaidi ya kuangalia mayi, na tutaisema wazi.

Ndogo ni kiasi gani?

Akwariumu ndogo tunayosema hapa ni ile ya senti 60 ya urefu, senti 30 ya upana na senti 30 ya kwenda juu. Ukizidisha, unapata litri 54. Ukitosha fasi ya muchanga na mawe, na ukiacha vidole viwili juu bila mayi, inabaki karibu litri 45. Ni kusema bidoni mbili za litri 20 na kidogo. Lakini uzito wake si mudogo: mayi, vioo na muchanga pamoja vinaweza kupita kilo 60. Usiiweke juu ya kimeza cha kutetemeka.

Mu litri 45, kosa dogo linakuwa kubwa. Uchafu wa samaki na chakula chenye kubaki vinaoza na kutoa amonia, na amonia ni sumu. Kuko bakteria wenye kukaa mu muchanga na mu eponji ya filtri: wa kwanza wanageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaweza kuvumilia kama haizidi. Kila juma unatosha sehemu ya mayi, robo hivi, unatia mupya, na nitrati inapunguka.

Wale bakteria hawazaliwe siku moja. Akwariumu mupya inaomba juma ine mupaka sita ikitembea na mayi, filtri na chakula kidogo sana, bila samaki. Mutu mwenye kununua kisanduku asubuhi na samaki mangaribi anatia wageni mu nyumba bila choo. Ule mwezi wa kungojea njo unaokoa feza kupita dawa zote za duka.

Wachimbaji wanaelewa neno hili mbio. Mu galeri yenye hewa ya kutosha, watu wengi wanatumika bila shida. Mu shimo lisilo na hewa, hata watu wawili ni wengi. Akwariumu ndogo ni lile shimo: hesabu ya wenye kuingia njo inapima maisha ya wote.

Shaba inatulisha, lakini inaua kreveti

Kreveti ni wale wanyama wadogo wa mayi wenye ganda na miguu mingi, watu wa pwani wanawaita kamba ao uduvi. Damu yao haiko nyekundu kama yetu. Damu yetu inabeba hewa kwa nguvu ya chuma; damu ya kreveti inaibeba kwa nguvu ya shaba. Kwa hiyo kreveti anahitaji shaba kidogo sana mu mwili, na anaipata mu chakula. Lakini shaba yenye kuyeyuka mu mayi, hata kiasi kidogo, inamuua. Konokono pia. Ndiyo sababu zamani watu wa afya walitumia sulfati ya shaba kuua konokono wenye kubeba bilharzia.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linakubali mupaka miligramu 2 za shaba mu litri moja ya mayi ya kunywa. Kreveti anaweza kufa na kiasi kidogo mara nyingi kupita kile. Basi tusichanganye mambo: mayi inaweza kuwa nzuri kwa mutoto wako na mbaya kwa kreveti wako. Kreveti akikufa, usiseme mara moja kwamba jamaa inakunywa sumu. Kuko sababu zingine kumi. Lakini kama unataka kreveti mu mji wa shaba, angalia milango mine shaba inaweza kuingilia.

Mulango wa kwanza ni bomba. Mu nyumba zenye bomba za shaba ao robine za shaba nyeupe, mayi yenye kulala usiku mu bomba inakamata shaba kidogo. Asubuhi, acha mayi ikimbie dakika chache, tia ile ya kwanza ku bustani ao ku kudeki, kisha jaza ndoo ya akwariumu. Mayi ya moto ya boilere usiitumie.

Mulango wa pili ni mawe. Mu salon zetu nyingi kuko kipande cha malakiti juu ya etajeri, kijani kizuri, kimesuguliwa mupaka kinang'aa. Watoto watakuambia: baba, tukitie mu mayi pamoja na samaki! Kataa. Malakiti ni shaba. Usitie vilevile jiwe lolote la minere, hata la kobalti, hata dogo, hata kama limeoshwa. Wengine wanapima jiwe na asidi: likitoa povu, wanasema ni jiwe la chokaa, halina shida. Wachimbaji wanajua kwamba malakiti nayo inatoa povu. Chagua jiwe la mto lisilo na mistari ya kijani wala ya buluu, na kama unakuwa na mashaka, liache inje.

Mulango wa tatu ni dawa. Dawa nyingi za kuponyesha samaki, na dawa za kuua majani ya kijani ku vioo, zinafanywa na shaba. Soma karatasi. Ukiona neno « cuivre », dawa ile haiingie fasi kuko kreveti.

Mulango wa ine ni mikono na ndoo. Ndoo yenye ilibeba vitu vya kazi isibebe mayi ya akwariumu. Mutu akitoka ku kazi, anawe mikono mupaka ku kiwiko na mayi mingi, asibakishe sabuni, kisha aguse mayi ya samaki.

Zaidi ya shaba, kuko klori. Mayi ya Regideso inatiwa klori kwa kuua vijidudu. Iache mu ndoo wazi siku moja, klori inatoka yenyewe. Usikimbilie mayi ya mto ao ya lac: konokono na mayi ya kando vinaweza kuleta bilharzia mu mikono ya watoto wako.

Maulizo matatu mbele ya kununua

Mbele ya kumukubali samaki yeyote, mu-ulize maulizo matatu. La kwanza: unapenda mayi gani? La pili: kinywa chako ni kikubwa namna gani? La tatu: unakaa fasi gani, chini, katikati ao juu?

Ulizo la mayi. Kuko mayi ngumu, yenye kubeba chokaa, na mayi laini, karibu kama ya mvua. Kwa kupima bila mashini, angalia sufuria yako ya kuchemushia mayi ya chai: kama inabaki na ngozi nyeupe ndani, mayi yako ni ngumu. Kama haina kitu, ni laini. Samaki wa mayi laini, kama vile neon wa Amerika ya Kusini, hana furaha mu mayi ngumu. Samaki wa mayi ngumu akitiwa mu mayi laini, anakonda na kufa polepole. Huwezi kuwaweka wote wawili na kusema « watazoea ». Chagua wale wenye kupenda mayi ya robine yako, utapumzika miaka.

Ulizo la kinywa ni rahisi: chochote chenye kuingia mu kinywa kitaliwa. Samaki hana ubaya wa roho. Anaona kreveti wa senti moja, anaona chakula. Watu wanasema: « lakini ku duka walikuwa pamoja! » Ku duka walikuwa pamoja siku moja.

Ulizo la fasi njo watu wanasahau. Samaki wawili wenye kupenda shimo moja la chini watapigana, hata kama wote ni wadogo na wapole. Samaki wa juu na kreveti wa chini wanaweza kukaa bila kugombana. Mu kisanduku cha senti 60, hakuna fasi ya kukimbilia. Mwenye kushindwa anafukuzwa mupaka anakufa.

Sasa tuone nyumba tatu zenye kuwezekana mu litri 54. Chagua moja tu.

Nyumba ya kwanza: watoto wa Tanganyika

Ziwa Tanganyika ni letu pamoja na Tanzania, Burundi na Zambia. Mu dunia nzima, watu wa akwariumu wanalijua kwa jamaa moja ya samaki wenye kuitwa siklidi: kuko zaidi ya aina 200 mu ziwa hili, na karibu wote hawapatikane fasi ingine yoyote. Mutu wa Ujerumani ao wa Marekani asiyejua kitu juu ya Kongo anataja Moba na Moliro, juu samaki wenye bei wanaitwa na majina ya vijiji vyetu vya kando ya ziwa. Mubelgiji Pierre Brichard alijenga kazi ya kuwatuma inje akiwa Burundi, na samaki mumoja alipewa jina lake, Neolamprologus brichardi.

Mu jamaa hii kuko kuhe, ambaye watu wa Kalemie wanamupika, mwenye kuweza kupita senti 70. Na kuko ndugu yake mudogo, Neolamprologus multifasciatus, ambaye dume lake halifike hata senti 5, na jike ni senti 3 hivi. Boulenger, fundi wa samaki mwenye kuzaliwa Bruxelles, alimuandika mu vitabu vya elimu mwaka 1906. Samaki huyu anakaa mu ganda tupu la konokono. Analala ndani, anakimbilia ndani, anazalia ndani. Watoto wanatoka mulangoni kama mbu, kichwa kimoja kwa kimoja, na wakubwa hawawafukuze: jamaa inakuwa kijiji.

Kwa litri 54, huyu njo anafaa. Tia muchanga laini wa senti 5, juu yake maganda kumi na mawili ao zaidi, kila samaki apate mawili ya kuchagua. Maganda ya konokono ya ukubwa wa senti 4 ao 5 yanafaa. Yachemushe mbele ya kuyatia. Nunua samaki watano ao sita wadogo, uwaache wachaguane wenyewe. Watachimba muchanga usiku na mchana kama wachimbaji wa kweli, watahamisha kilima kutoka huku mupaka kule. Kwa hiyo usipande majani mengi, watayangoa.

Mayi ya ziwa ni ngumu, na pH yake inapita 8, inakaribia 9. Moto wake ni digri 24 mupaka 27 hivi. Kama mayi yako ni ngumu, hauna kazi mingi. Ukitia mawe ya chokaa safi, inasaidia. Lakini jua neno hili: mu mayi ya namna hii, amonia inakuwa kali kupita mu mayi laini. Ule mwezi wa kungojea, hapa hauwezi kuukata.

Nani akae pamoja nao? Hakuna. Kreveti wa duka watakuwa chakula. Hata ziwa liko na kreveti wake, wadogo sana, na siklidi wanawatafuta kila siku. Samaki wa muchanga mwingine ataleta vita. Na wale wengine wa Tanganyika wenye kuvutia macho, usiwaite mu litri 54: Tropheus wa Moliro anaomba kikosi kikubwa na kisanduku cha litri mia tatu ao zaidi, frontosa wa Moba anakomea ku senti 30, na yule brichardi tuliyemutaja akizala, anafukuza kila mutu asiye wa jamaa yake. Uzuri wa kijiji cha maganda ni kwamba kinatosha chenyewe.

Nyumba ya pili: kreveti na gupi

Kama watoto wanataka kreveti, anza na kreveti mwekundu, Neocaridina davidi. Ametoka Asia, upande wa China na Taiwan. Kule mu mito yuko na rangi ya udongo. Rangi nyekundu imeletwa na watu kwa kuchagua wazazi, sawa vile mufugaji anachagua mbuzi. Anakuwa na senti 2 ao 3, anaishi mwaka moja mupaka miwili, na jike anabeba mayai chini ya tumbo karibu mwezi, ishirini ao thelathini. Watoto wanatoka wakiwa kreveti kamili, wadogo kama kichwa cha shindano.

Anavumilia mayi ngumu, na anavumilia baridi: digri 18 hawezi kufa. Anakula kijani cha ku vioo, majani yenye kuoza, chakula chenye samaki wameacha. Unaweza kumupa jani la lengalenga lenye kuchemushwa kidogo, lakini liwe jani lisilopigwa dawa ya wadudu, na lioshwe sana.

Nani akae naye? Tuseme kweli: samaki asiyekula mutoto wa kreveti ni shida kumupata. Lakini kuko samaki wenye kinywa kidogo, wasioweza kugusa kreveti mukubwa. Hapa kwetu mwenye kufaa ni gupi. Anapenda mayi ngumu, anakaa juu na katikati, na dume ni senti 3 tu. Mu litri 54, tia gupi dume sita na kreveti kumi ao kumi na tano. Tunasema dume tu, na hatuchezi. Gupi jike hataagi mayai, anazala watoto wazima, makumi, karibu kila mwezi. Tena akishakutana na dume mara moja, anaweza kuendelea kuzala miezi bila dume. Ukitia wawili wawili, kisha miezi sita hauna akwariumu, uko na soko.

Kwa kuokoa watoto wa kreveti, tia majani mengi laini ya mayi, sawa vile muse, na rundo la mawe madogo lenye matundu. Gupi atakula wamoja, wengine watakomea. Nunua na utie kreveti kwanza, waache mwezi mumoja wazoee na kuzala, kisha ulete gupi.

Wale wasioingia mu nyumba hii: beta, samaki wa vita wa Thailand, mwenye kuwinda kreveti na kukata mikia ya gupi, samaki wa zahabu, mwenye kukua kupita mukono na kuchafua mayi, na siklidi wa namna yoyote.

Nyumba ya tatu: kreveti peke yao

Kwa mwenye kuwa na kisanduku cha litri 20 ao 30 tu, usitafute samaki hata mumoja. Kreveti kumi, majani, eponji yenye kupulizwa na pompi ya hewa, basi. Watazala mupaka utagawia majirani. Ni nyumba ya bei ndogo kupita zote, na mutoto wa masomo anajifunza ndani yake mambo mingi: kreveti anavua ganda lake kwa kukua, analiacha kama nguo, na wazazi wengi wanashituka wakifikiri amekufa. Usitoshe lile ganda; watalikula.

Wageni wa kukataa

Vijana wanaleta mara mingi samaki wadogo wa mto ao wa Lufira mu shashe. Tilapia mudogo ni muzuri, lakini ndani ya mwaka anakuwa wa sahani. Kambale anakula wote wanaoingia mu kinywa chake, usiku, na asubuhi yuko peke yake. Samaki wa bonde la mto Kongo mwenye kuuzwa dunia nzima, Phenacogrammus interruptus, mwenye kung'aa rangi ya upinde wa mvua, ni fahari yetu; lakini anafika senti 8, anatembea na kikosi, anaomba mayi laini na kisanduku kikubwa mara tatu ya hiki. Kupenda samaki ni pia kumuacha.

Baridi, umeme na dawa ya mbu

Lubumbashi iko juu, karibu metre 1,200, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba digri zinaweza kushuka chini ya 10 inje. Mu nyumba isiyo na moto, litri 45 zinafuata baridi mbio. Kreveti na gupi watavumilia kama mayi haishuke chini ya digri 18. Watoto wa Tanganyika hawawezi, wanaomba rezistansi ya wati 50 ao 100 na termometri. Weka kisanduku mbali na dirisha, na usiku funika nyuma na pembeni na blanketi.

Halafu kuko umeme wa kukatika, tunaujua wote. Umeme ukikatika, pompi inasimama, hewa mu mayi inapunguka, na bakteria wa filtri wanaanza kuchoka. Usitie chakula. Chota mayi na kopo safi, uimwange tena kutoka juu, mara kumi kila nusu saa. Pompi ndogo ya piles inasaidia sana. Hapa njo utaona faida ya kutojaza: akwariumu yenye samaki sita inavumilia usiku bila umeme, yenye samaki ishirini haifike asubuhi.

Na dawa ya mbu ya kupuliza. Mu nyumba nyingi tunapuliza kila mangaribi, kwa kukimbia malaria, na ni haki. Lakini ile dawa ni ya kuua wadudu, na kreveti ni jamaa ya karibu ya wadudu. Pompi ya hewa inaivuta na kuipeleka mu mayi. Tumieni chandarua mu chumba hiki, ao msipulize pale akwariumu iko.

Siku ya kuleta nyumbani

Ku duka, angalia samaki mwenye kutembea na mapezi wazi, tumbo lisiloingia ndani, bila alama nyeupe. Kama mu kioo kimoja kuko mufu hata mumoja, acha wote wa kioo kile. Nyumbani, acha shashe ielee nusu saa mu akwariumu, kisha tia kopo dogo la mayi yako mu shashe kila dakika kumi. Kwa samaki, saa moja inatosha. Kwa kreveti, saa mbili ni afazali. Mayi ya shashe usiitie mu akwariumu. Siku ya kwanza hakuna chakula. Kisha, kila siku kiasi cha kumalizika mu dakika mbili.

Neno la mwisho ni kwa wale wenye kuchoka. Kama hautaki tena, mupe jirani, mupe masomo, rudisha ku duka. Usimwange gupi ao kreveti wa Asia mu Lubumbashi, mu Lualaba, wala mu Tanganyika. Ziwa lile liko na viumbe visivyopatikana fasi ingine mu dunia, na wavuvi wanaishi nalo. Mugeni mwenye kuzala kila mwezi, ukimuachilia mara moja, hakuna mutu atamurudisha.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji: angalieni kwanza sufuria ya chai, bomba na mawe. Kisha chagueni nyumba moja kati ya zile tatu, na wote mu jamaa wakubaliane. Ngojeni mwezi. Mu kisanduku cha litri 54, mayi njo inachagua samaki. Sisi tunachagua tu kuisikiliza ao hapana.